Maji ya Kuzima Kifua cha Mama

Juzi sokoni Mutoshi, blauzi ya muuza mihogo iliteleza, nikaona upande usio na ziwa, ngozi imeungua nyeusi. Nikamkumbuka mama yangu.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja alirudi nyumbani Kapata kutoka Zambia, alikokwenda kutibiwa saratani kwa miale baada ya kukatwa ziwa. Alijilaza mkekani, amechoka hata kuongea. Kitenge chake kilinuka dawa na vumbi la safari. Kilipofunguka, niliona kifua kimeungua.

"Mama, balikuchoma? Ulikosa nini?"

"Sikukosa kitu, mutoto yangu. Balikata ziwa, lakini ugonjwa ilikuwa imeshafika mu kwapa. Ile mashini inaunguza ugonjwa yenye ilibakia."

Nilishika neno moja tu: inaunguza. Nilidhani moto bado unawaka ndani yake. Nikaleta kopo la maji, nikammwagia polepole. Alishtuka, kisha akafumba macho.

"Leta ingine," akasema.

Leo najua kwamba miale haiachi moto wowote mwilini. Siku ile nilichota mpaka ndoo ikaisha. Mama alipona, akaishi hadi kunisindikiza kwenye harusi yangu, na hakuwahi kuniambia kwamba hapakuwa na kitu cha kuzima.