Kiti Chenye Mwenyewe

Dereva huyu walimpachika jina la Masafa, na lilimkaa sawasawa. Muulize barabara za mipakani, atakutajia kila shimo. Muulize bintiye yuko darasa la ngapi, ataanza kukuna kichwa. Maisha yake yalikuwa lori, na nyumbani alipita kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

Siku hiyo alirudi mchana, jua la utosi. Alipofika chini ya dirisha akamsikia mkewe akisema, "Mume wangu, chai yako inapoa. Na shati nimeshalipiga pasi." Masafa akatabasamu. Kumbe habari za kurudi kwake zimemtangulia! Akaingia na begi lake, mkewe akaruka.

"Mama yangu! Umetokea wapi wewe?"

Alikuwa akiongea na kiti. Kiti cha Masafa, koti lake kuukuu limevishwa mgongoni, kikombe mezani mbele yake. Mkewe akacheka kwa aibu, akaeleza: tangu wezi wavunje kwa jirani, huongea na kiti kwa sauti kubwa ili anayepita nje ajue ndani mna mwanamume. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, baba watoto. Ningefanyaje?"

Masafa akacheka mpaka machozi. Mjanja huyu mwanamke! Akaenda kukaa. Bintiye akapiga kelele, "Usikae hapo! Amekaa baba."

"Baba si ndiye mimi?"

Mtoto akamtazama, akakitazama kiti. "Wewe ni baba wa lori."

Neno hilo lilimchoma, asikudanganye mtu. Basi akakisogelea kiti. Madereva wana mazoea yao: kabla ya safari hugonga matairi kwa chuma, na sikio likawaambia lipi lina upepo na lipi limekwisha. Bila kufikiri, Masafa akaligonga lile koti kwa vidole. Koti tupu lingebonyea tu. Hili lilijibu, du, kama tairi lililojaa. Akapeleka mkono kwenye mto wa kiti, akakuta una joto. Kikombe nacho kilikuwa kimefika nusu, na mkewe chai yenye sukari haigusi.

"Nani anakunywa hii?"

"Hupungua tu," mkewe akasema polepole. Hakuwa anacheka tena. "Mwanzoni niliogopa. Sasa nimezoea. Angalau huyu yupo."

Loo! Masafa aliogopa kuliko siku breki zilipokatika mlimani. Akachuchumaa mbele ya bintiye akamwapia: kesho anarudisha funguo za lori, na hatoki tena.

"Siku utakayorudisha funguo," mkewe akasema, "koti hili nalichoma moto."

Asubuhi akaenda yadi kweli, funguo mkononi. Bosi wake akamsikiliza, kisha akamshika bega. "Safari moja tu, ya mwisho. Nani anaijua njia ile kama wewe?" Jamani, sifa ni kitu kibaya. Kichwa cha Masafa kikavimba, akakubali. Ni moja tu, alijiambia, na kiti hakikimbii.

Akarudi nyumbani kuchukua begi, funguo amezizamisha mfukoni, njia nzima akitunga maneno ya kumwambia mkewe. Hakuna aliyekuwa amepata habari bado. Akakuta mlango umefungwa, akabisha.

"Nani?" mkewe akauliza.

Kabla Masafa hajafungua mdomo, bintiye akajibu kutoka ndani, "Ni baba wa lori, mama. Amefuata begi lake."

Kisha mtu akakohoa humo ndani, kikohozi kikavu cha vumbi la barabarani. Masafa alikijua, maana kilikuwa chake. Na sauti yake mwenyewe, tulivu, ya mtu aliyeshiba na kupumzika, ikasema:

"Mpe aende."