Sili tatu kwenye lori la shemeji

Saa moja asubuhi, fundi Taratibu amelala chali chini ya lori lililoingia gereji sasa hivi. Miguu tu ndiyo inayoonekana. Gurudumu la nyuma la kushoto linavuja oili tena. Sili ya ekseli, ile raba inayozuia oili isitoke, ameibadilisha mara tatu ndani ya miezi minne.

"Sili mpya, beringi mpya, na bado inaniumbua," anasema.

Kuumbuka kungekuwa nafuu. Oili hiyo inaishia kwenye breki, na dereva ni shemeji yake, anayeteremka mlima na tani kumi za saruji mara mbili kwa wiki. Juzi breki zilimkatalia kwenye kona, akaponea chupuchupu. Jana dada yake Taratibu, mke wa dereva huyo, alifika gereji, akakataa hata kiti.

"Kaka, wewe ukikosea unarudia," alimwambia. "Mimi mume mwingine nitampata wapi?"

Taratibu, aliyepewa jina hilo kwa kutokimbizana na kazi, anakiri kuwa dada alisema kweli. Ana miaka ishirini na sita kwenye ufundi.

Leo hagusi gurudumu. Anajivuta hadi katikati ya ekseli, ambako difu, lile bonge la gia linalozungusha magurudumu, bado ina moto wa safari, na kulegeza bolti ndogo iliyo juu yake. Fyuuu! Hewa inafoka.

Bolti hiyo aliiweka mwenyewe. Pale pana kitundu cha difu kupumulia ikipata moto. Kifuniko chake kilidondoka, naye kwa kuogopa maji ya madimbwi akakiziba kabisa. Hewa ikakosa pa kutokea, ikawa inaisukuma oili ipite kwenye sili, hata iwe mpya.

Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Anatoka uvunguni, grisi hadi kwenye nyusi.

"Shemeji, ubovu ulikuwa mimi."

Dereva anamkodolea macho, kisha anaangua kicheko. "Kumbe ulikuwa unanitibu ugonjwa ulionipa mwenyewe!"

Kufikia mchana lori lina sili ya nne, breki mpya na kifuniko kinachopitisha hewa. Bolti imetundikwa msumarini. Jumamosi Taratibu atawaita mafundi wenzake awasimulie kisa chake bila kujificha.

Ila kesho kwanza lori linashuka mlima na mzigo, naye atakaa kiti cha abiria.

"Nilipompigia dada kumwambia nitapanda, aliuliza jambo moja tu: 'Na wifi anajua?'" anasema Taratibu.

Anafuta mikono polepole.

"Mke wangu anajua. Watakaa pamoja, wasubiri simu yetu kutoka chini ya mlima."