Shikamoo ya Mashine

Jirani yangu fundi saa hana habari na saa akishafunga kazi. Mapenzi yake ni mashine za kunyolea za zamani, zile za chuma ambazo unafungua kichwa na kupachika wembe. Kila anayoipata huiamkia kwanza, "Shikamoo," maana imemzidi umri, na mkewe huitikia kwa niaba ya mashine kutoka jikoni: "Marahaba, mwanangu, umekonda!" Nilidhani wote wawili wamerukwa na akili, mpaka nilipomwona akifanya kazi. Hupitisha ukucha kwenye meno ya mashine, huinusa, na chai yako haijapoa ameshakwambia rika lake. Kisha huisugua kwa mswaki mpaka ing'ae, kwa sababu uchafu hauvumilii hata chembe, na asubuhi huijaribu kwenye shavu lake mwenyewe, macho kayafumba, akisikiliza wembe unavyokwaruza.

Juzi mama wa nyumba ya pili alimletea ya marehemu mumewe, apate kujua ni ya lini. Fundi akaifungua, mkono ukaenda kwenye mswaki kama kawaida, ukasita. Ndani, kwenye sabuni iliyokauka, zilikuwa zimenasa ndevu mbili tatu nyeupe. Akaifunga taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Hii haioshwi, mama."

Hapo akakumbuka kwamba hakuwa ameiamkia. "Shikamoo, mzee," akasema kwa sauti ya chini.

Mkewe, jikoni, hakuthubutu kuitikia.

"Marahaba," akajibu yule mama.