Karibu ya Padri

Nawaambia, wajukuu zangu, ujinga huu ni wangu mwenyewe. Enzi za vijiji vya ujamaa, huku kwetu Mpui, padri wetu Mmarekani aliniaga: "Mama Odilia, nakwenda likizo kwetu Chikago. Karibu sana!"

Nikajua mzungu hasemi bure. Nikasaga ulezi wa njiani, nikamfunga kuku wa kumpelekea mama yake, na nyumba niliyogawiwa na kijiji nikamrudishia Mwenyekiti Kandidi. Siku ileile akampa mjane Skolastika na wanawe sita.

Asubuhi ya safari nikapanda gari la padri. Akapokea kuku, akacheka.

"Asante, Mama! Haya, shuka sasa, ndege itaniacha."

Nikarudi na kigunia changu cha unga. Skolastika alikuwa anafagia mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Mama Odilia. Karibu ndani."