Safiyah Aliyeikatalia Stoo

Watu wa Kakoba, mtaa wetu wa Mbarara, watakwambia Safiyah binti Sulait ni mwanamke mkaidi, na wakisema hivyo hawamsingizii. Nimemjua tangu tukiwa wasichana, baba yake akiuza vitambaa karibu na msikiti, baba yangu akiwa askari pale kambini Mbarara. Alikuwa mtoto wa kumuuliza maalimu swali la pili wakati sisi wengine tumeshakunja mikeka twende nyumbani. Alipomaliza shule, mjomba wake wa Nairobi akamchukua, akasomea kompyuta huko, zile kubwa zinazoendeshwa kwa mfumo wa Unix, akarudi na cheti bila mume. Mtaa mzima ukasahau cheti ukaanza kuuliza habari za mume. Yeye alicheka tu.

"Kaudha," aliniambia, "mume nitampata hata sokoni. Unix nitaipata wapi?"

Mimi ndiye Kaudha. Nilikuwa msaidizi wa muuguzi katika kliniki moja ya Base Camp, kule Nakivale kwenye makazi ya wakimbizi, chini ya shirika la misaada ambalo jina lake silitaji, maana limeshakufa na maiti hasemwi vibaya. Mwaka wa themanini na nane wakaleta kompyuta, wakamwajiri Safiyah azitunze. Kubwa, ile seva, ilikaa chumba cha nyuma cha ofisi ya usajili. Ndogo zilikuwa mbili: moja kwetu kliniki, nyingine stoo ya mbegu na majembe. Kebo ilifukiwa ardhini kutoka jengo hadi jengo. Mafaili yote yalikaa kwenye seva, lakini sisi tuliyafungua kwenye mashine zetu kana kwamba yako hapo hapo mezani.

Safiyah aliyagawa mafungu, kila fungu akaliita kabati. Kulikuwa na kabati la stoo, kabati la kliniki na kabati la wote. Ndani ya seva kulikuwa na faili moja fupi sana, linalosema kabati hili lifunguliwe na mashine ile. Kabati la kliniki liliandikiwa mashine ya kliniki peke yake, na mashine hiyo ilifunguliwa kwa jina na neno la siri la daktari au langu. Mashine nyingine ikiomba, inaambiwa huna ruhusa, na mambo yameisha. Aliyeweza kuandika katika faili lile alikuwa Safiyah tu.

Alikuwa na kanuni zake, na wallahi zilituchosha. Jenereta la seva likizimwa mchana ili kubana mafuta, mashine zetu, zilizotumia betri za jua, zilikwama na kuandika kwamba seva haijibu, bado zinajaribu. Nasani wa stoo, kijana mwema lakini hana subira hata ya chai kupoa, alitaka mashine yake ikate tamaa upesi ili aendelee na mengine. Safiyah akakataa katakata. Alimwambia mashine inayokata tamaa katikati ya kuandika huacha kazi nusu, na kazi nusu ni uongo. "Ingoje," alisema. "Na wewe ungoje nayo." Basi tulikaa wote tunatazama kioo mpaka jenereta lingurume tena, na hakuna neno lililowahi kupotea.

Sasa niseme kilichokuwa ndani ya kabati letu. Miaka ile silimu, ukimwi kama uitwavyo leo, ilikuwa imeingia kila nyumba na hakuna aliyeitaja kwa sauti. Mtu akikonda, watu hawakai naye benchi moja. Damu tuliipeleka Mbarara kupimwa, majibu yakaja kwenye karatasi, daktari wetu akayaingiza kwenye mashine, na karatasi tukazichoma, kwa sababu kliniki haikuwa na hata droo moja yenye kufuli. Kwa hiyo nani anayo na nani hana, habari hiyo iliandikwa mahali pamoja tu duniani.

Mmoja wa hao alikuwa Verediana. Mnyarwanda, mjane, mama wa watoto watatu, aliyepitia Zaire kabla ya kufika kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alikuja kliniki asubuhi moja akiwa amejifunga kitenge kifuani, mifupa ya mabega imetoka, hakuuliza dawa.

"Dada Kaudha, miye ninajua nitakufa," alisema. "Ile habari ya kufa niachie miye. Niambie tu kama batanipa jembe na mbegu. Nisipolima hii saizoni, shamba batalitwaa. Batoto bangu batabakia fasi gani?"

Hakuwa anatia chumvi. Sheria ya Nakivale ilikuwa hiyo: shamba lisilolimwa msimu mmoja linapewa mwingine, na wageni walikuwa wanaingia kila wiki. Lakini ukishapanda, hata ukifa kesho yake, hakuna anayewafukuza watoto wako kabla ya kuvuna, na aliyevuna ndiye anayehesabiwa mwenye shamba. Nikamwambia majembe atapata kama wenzake wote. Kumbe nilisema mapema.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Benon, mtu wa Kamukuzi, mtaa wa wakubwa wa Mbarara, nyumba juu kilimani, suruali imepigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate. Siku ya Jumatatu, mvua zikiwa zinakaribia na daktari yuko likizo kwao Ulaya, alikuja na gari mpaka Base Camp akatuita sote ofisi ya usajili. Mbegu zimekuja chache, alisema. Majembe pia. Hakuna maana kumpa jembe mtu wa silimu ambaye hatavuna. Kwa hiyo Safiyah afungue kabati la kliniki kwa mashine ya stoo, Nasani aangalie majina na ayakate kwenye orodha ya mgao.

"Kwa kusoma tu, nyabo," akaongeza kwa upole; nyabo kwa kwetu ndiyo bibi. "Nasani hatagusa kitu. Hataandika hata herufi."

"Kusoma ndiko kubaya," Safiyah akajibu. "Akiandika nitafuta. Akisoma nitamfuta nini kichwani?"

Nasani akatazama viatu vyake. Benon akatabasamu kwa nusu ya mdomo.

"Wewe Safiyah, hii ni amri."

"Nimesikia, mzee. Na mimi nakataa. Wale watu walitoa damu kwa ajili ya dawa, hawakuitoa kwa ajili ya majembe."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Basi livunjike, mzee. Ninalo jingine."

Mimi nilitaka kucheka na kulia pamoja. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na huyu binti wa muuza vitambaa amesimama katikati ya njia, mikono nyuma, kitambaa cha kichwa hakijasogea. Benon akamuuliza neno la siri la seva. Akasema halitoi. Akaulizwa kama anajua anatafuta nini. Akasema anajua vizuri sana, anatafuta kufukuzwa.

Hapo Benon akafikiri, na lazima niseme ukweli, hakuwa mjinga. Aliwahi kumsikia Safiyah akitufundisha kwamba seva inaijua mashine kwa jina lake, haijui imekaa chumba gani. Akaita vibarua wawili waliokuwa wakipakua magunia.

"Ile mashine ya kliniki ibebeni muipeleke stoo," akasema. "Kaudha ataingia kwa jina lake, Nasani asome. Hatuhitaji kubadilisha chochote."

Nilikimbia nikasimama mlangoni mwa kliniki, mikono huku na huku, nikasema hapiti mtu. Vibarua wakanisalimia kwa heshima, wakazunguka, wakapitia mlango wa jikoni. Nyumba yetu ya tiba ilikuwa na milango miwili na mimi kwa hasira nimekumbuka mmoja. Wakatoka na mashine, mmoja kioo, mwingine sanduku, na waya unaburuta vumbi kama mkia. Benon akanielekeza kwa kidole nifuate stoo. Nikafuata nikisema moyoni, hata wakiniwekea kisu sitaandika jina langu.

Haikufika huko. Safiyah hakufuata msafara. Aliingia chumba cha nyuma peke yake, akaketi mbele ya seva, akafungua lile faili fupi, akaufuta mstari wa kliniki. Kisha akaiamuru seva isome faili upya. Sasa kabati letu halikuwa la stoo wala la kliniki wala la mtu yeyote. Kule stoo, Nasani akachomeka waya, mashine ikawaka, ikaliomba kabati kwa jina lake halali kabisa, ikajibiwa kwamba haina ruhusa. Akajaribu tena. Benon akamsukuma akajaribu yeye. Kioo kikasema vile vile.

Safiyah akatokea mlangoni, amebeba mkoba wake.

"Nimelifunga kwa wote," alisema. "Hata kwa Kaudha, maana Kaudha unaweza kumlazimisha. Mimi huwezi."

"Wewe umefukuzwa," Benon akasema.

"Eeh. Nilishafunga na mkoba."

Wagonjwa wetu tuliwatibu kwa kumbukumbu ya kichwa mpaka daktari aliporudi na Safiyah akampa yeye peke yake neno la siri, na ilikuwa taabu, sitaki kuipamba. Nilimkasirikia Safiyah zaidi ya mara moja nikijaribu kukumbuka nani anameza dawa gani. Benon alipiga simu Kampala aletewe fundi. Fundi akasema atakuja. Nanyi mnajua fundi akisema atakuja. Mvua hazikumngoja. Zilianza Alhamisi, na watu wakajaa mbele ya stoo wakitaka mbegu zao. Benon hakuwa na majina ya kukata. Alitazama ule umati, akamtazama Nasani, akasema kila nyumba ipewe, kidogo kidogo, wote sawa. Mbegu zikatosha kwa kubana. Majembe, nyumba mbili zikashirikiana moja.

Verediana alipata mbegu zake, na jembe la kushirikiana na jirani. Nilimwona akiondoka nalo begani, anapumzika kila hatua chache, na mwanawe mkubwa, msichana, anataka kumpokea naye anakataa.

Safiyah alirudi Kakoba akachukua nafasi dukani kwa baba yake, na yumo humo mpaka leo, anakata mita za kitambaa. Watu walimcheka: elimu ya Nairobi yote hiyo, imeishia kwenye mkasi. Nilimuuliza wakati mmoja kama anajuta, nikiwa nimeleta habari kutoka Nakivale, naye anamkatia mteja kitambaa.

"Kwanza niambie habari," alisema.

Nikamwambia. Verediana alikufa mahindi yakiwa yanafika kiunoni. Benon, ambaye alikuja mazishini na suruali yake ya pasi, alisema pale kaburini, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba yeye alishasema: huyu mama hatavuna.

"Na alisema kweli?" Safiyah akauliza.

"Alisema kweli. Hakuvuna."

"Nani kavuna?"

"Wanawe. Jumamosi iliyopita. Wapo shambani kwao, na hakuna aliyewagusa."

Safiyah akaweka mkasi chini, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja, kisha akamtoza yule mteja bei kamili.