Sungura Niliyekataa Kumshika

Kwa miaka thelathini nilishika matumbo ya wanawake kwenye zahanati, na nilipostaafu nikaanza kushika ya sungura. Kazi ya pili ilinipa wateja wenye akili zaidi. Sungura hakupotezei muda kukusimulia kwamba shangazi yake ameota mapacha.

Hapa Mwankoko sungura wameingia kwa fujo miaka hii. Kila mwenye mbao nne na kipande cha wavu anajiita mfugaji, na kila mfugaji ana njia yake ya kijinga ya kujua kama jike ameshika mimba. Mmoja anamtazama machoni. Mwingine anaapa kwamba jike mwenye mimba hususa mashudu ya alizeti. Wengi wanamrudisha kwa dume: akikubali wanasema hana kitu, akikataa wanashangilia. Nimeona jike mwenye mimba akimkubali dume bila shida, na jike mtupu akimng'ata. Ukiwaambia hivyo wanakutazama kama umewatukania kanisa.

Mimi ninashika. Siku ya kumi na mbili tangu apandwe, namweka jike mezani juu ya gunia, mkono mmoja unamtuliza mabegani, mwingine unapita chini ya tumbo, taratibu, mbele ya nyonga. Watoto wanateleza chini ya vidole kama gololi ndogo. Kinyesi nacho ni duara, lakini ni kigumu na kimekaa juu, karibu na uti wa mgongo. Asiyeweza kutofautisha mtoto na kinyesi arudi kulima uwele, na wengi wangepaswa kurudi.

Niliyemdharau kuliko wote alikuwa mzee jirani yangu, mfugaji wa ng'ombe. Huyu hutazama ubavu wa ng'ombe akiwa mbali, fimbo mabegani, akakutajia mwezi wa kuzaa. Kwa ng'ombe sikumpinga. Lakini aliwatazama sungura wangu vile vile, kwa jicho moja, huku akiwaita panya wa masikio. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kama inavyopasa, kisha nikamcheka moyoni mpaka jioni.

Sasa, mkwe wangu, mke wa kitindamimba wangu, alikuwa na jike mmoja. Mama yake alimletea kutoka Issuna ndani ya kapu. Ng'ombe wa nyumba hii wana mwenyewe, mbuzi nao wana mwenyewe, na mwenyewe huyo kamwe hakuwa yeye. Yule sungura ndiye mnyama wa kwanza kuitwa wake tangu aolewe. Alikuwa ameshapanga: uzao wa kwanza abakize majike, wa pili auze apate mbuzi wake. Alinieleza hayo mara moja tu, kwa sauti ndogo, akichambua mlenda. Nilimwitikia bila kuinua macho.

Alimpeleka jike wake kwenye kizimba cha dume wangu, nami nikiwa nimesimama pale. Nikaanza kuhesabu siku. Ya kumi na mbili ilinikuta na homa, sikumshika. Siku ya kumi na saba, asubuhi, mkwe akaja mbio kuniita. Jike alikuwa ananyofoa manyoya ya kifuani na kuyatandika ndani ya sanduku.

Mzee jirani alikuwa amesimama kwenye uzio, kama kawaida yake. Akatazama, akasema, "Huyo anazaa leo, au kesho."

Nilicheka mbele yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikamwelewesha, kwa sauti ya kumfundisha mtoto wa chekechea, kwamba sungura hubeba mimba mwezi mzima, na kwamba anayetandika siku ya kumi na saba ana mimba ya uongo. Mwili umejidanganya, tumbo halina kitu. Akaendelea kumtazama jike kwa lile jicho lake moja. Hilo likanichoma zaidi.

Mchana tulikuwa na wageni, ndugu wa marehemu mume wangu. Jogoo alikuwepo, mnene, tayari. Nikasema tutachinja sungura. Niliitaka nyama ile kwa sababu moja tu, mzee aone tumbo halina kitu.

Mkwe alikuwa amemkumbatia jike wake. Akasema, "Mama, si umshike kwanza?"

"Sina haja. Nimeshahesabu."

Alisubiri kidogo, labda nitabadilisha. Kisha akanipa, kwa mikono miwili, kama anavyonipa kila kitu.

Nilimchinja mwenyewe, nikampasua mwenyewe. Walikuwa saba. Walikuwa wamekamilika, vidole, masikio, kila kitu. Wawili walifungua midomo wakitafuta chuchu. Mkwe aliwachukua wote ndani ya khanga yake, akawalaza kwenye yale manyoya, akakaa nao kando ya jiko la mkaa. Hakuna aliyefika jioni.

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo kwenye zahanati nilimuuliza kila mwanamke kabla hajakaa: tangu lini? Akanijibu. Wiki mbili kabla ya siku niliyosimama mimi, nilipokuwa msibani Kintinku, alishampeleka jike kwa dume. Dume alipanda, akatoa mlio, akaanguka ubavu kama amekufa. Akadhani ameshikwa na kifafa. Akaogopa amemuua dume wa mama mkwe, akamtoa jike wake, akanyamaza. Dume akianguka hivyo, kazi imekwisha na imefanyika vizuri. Nimewafundisha hilo watu wa mtaa mzima. Mkwe wangu sikuwahi kumfundisha, kwa kuwa sikuona kama ana la kujifunza zaidi ya kuosha vyombo.

Ningemkuta nesi mwanafunzi amefanya nilivyofanya, ningemvua gauni jeupe siku ile ile. Wageni walikula jogoo. Mzee jirani alisikia, kwa kuwa hapa kila kitu kinasikika, na kesho yake akaitikia shikamoo yangu kama siku zote. Nilitamani aniseme.

Mkwe hakunisema pia. Aliniambia "Pole mama," akaosha kisu. Nilimpa majike wawili wangu, akapokea, akashukuru. Wamezaa, na mbuzi wake ameshampata.

Mwaka huu tumbo lake limeanza kuonekana. Nilisubiri aniambie, hakuniambia, mpaka siku moja tulipokutana mlangoni, amebeba ndoo, nami nikanyoosha mkono bila kufikiri, kama nilivyowanyooshea mamia ya wanawake wa mkoa huu. Akarudi hatua moja nyuma. Akainamisha kichwa kwa heshima yote.

"Mama, wameshanishika kule kliniki."