Kaa Kivulini Kwanza

Siku yangu ya kwanza kwa geti ya kituo cha afya hapa Isiolo, wakati ule wa corona, mkubwa wetu Daktari Kirimi alinipatia bunduki ya joto. Unaielekeza kwa paji la uso, unafinya, inakuambia namba. Ikipita thelathini na saba na nusu, huyo ana homa, asiingie. Shule niliacha darasa la nne, lakini namba najua.

Shida ilikuwa jua. Mzee ameleta maziwa ya ngamia kutoka Sericho, bunduki inasema thelathini na tisa. Hata nguzo ya geti nilipima, ikawa mgonjwa. Kufika saa nane nilikuwa nimefungia nje nusu ya mji, pamoja na muuguzi wetu, Sista Amina.

Kirimi akatoka amekasirika. "Guyo, unataka kunifungia kituo? Mtu akiwa moto, akae kivulini kwanza. Akipoa, apite."

Ikawa sheria. Niliweka benchi chini ya tangi la maji, watu wakapoa hapo wakipiga stori na kunisalimia kwa mkono, maana kukataa mkono wa mzee wa Kiborana ni matusi. Ripoti zetu zikawa safi. Kirimi akapewa cheti. Mimi hata soda sikupewa.

Halafu redio ikasema corona imekuja na aina mpya, inaenea haraka kuliko ile ya kwanza na inabana kifua mapema. Sista Amina alimwomba Kirimi mbele yangu aondoe hiyo benchi. Kirimi akasema benchi ndiyo inaleta ripoti nzuri.

Wiki hiyo nikaanza kukohoa. Beberu alipita karibu na pua yangu, sikusikia harufu yoyote. Nikajipima: thelathini na tisa. Nikaenda kwa Kirimi nikishika ukuta. Hakuinua kichwa.

"Kaa kivulini kwanza."

Nikakaa. Hilo kosa ni langu, sifichi: nilikuwa nimewaambia wengi hayo maneno mpaka nikayaamini. Alasiri nilikuwa nimepoa kila mahali isipokuwa ndani. Sista Amina alinivalisha ile mashine ya kidole, inayosoma hewa iliyo kwa damu. Akaisoma, akaitingisha, akaisoma tena. Alinikokota mwenyewe mpaka kwa mtungi wa oksijeni, na hapo nikanyonya siku kumi na moja kama ndama.

Mimi nilirudi, mapafu hayakurudi. Kirimi aliandika kwamba sina nguvu za kazi, nikastaafishwa kabla ya miaka yangu. Zawadi ya kuagwa ilikuwa ile benchi. Iko nje ya mlango wangu.

Juzi redio imetangaza aina nyingine tena. Jana Kirimi akapita hapa, jasho linamtiririka, anakohoa, akaomba kuketi kidogo. Yale maneno yake nilikuwa nimeyaweka mdomoni siku zote hizo. Nikamtazama, nikatazama benchi.

"Usikae, daktari," nikamwambia. "Twende kwa Sista Amina."

Tulienda polepole, tukisimama kila duka, na hakuna kati yetu aliyekuwa na pumzi ya kuomba msamaha.